Cheka Waone

Swali aliulizwa Fundi, lakini aliyejibu ni mumewe.

"Aliteleza bafuni, daktari. Sabuni. Unajua tena mabafu yetu haya."

Daktari wa meno, binti mwenye miwani ambaye ungemkuta njiani ungedhani bado anasoma, aliandika neno kwenye karatasi yake kisha akainua macho. Hakumtazama mume. Alimtazama yule aliyelala kwenye kiti kirefu, taa ikimmulika usoni kama mwizi aliyefumaniwa.

"Mama, nakuuliza wewe. Ilikuwaje?"

Fundi alipeleka kiganja mdomoni. Tangu meno yake mawili ya mbele ya juu yatoke, mkono wa kulia ulikuwa umepata kazi mpya, kuziba pengo kila anapotaka kusema.

"Niliteleza," alijibu nyuma ya kiganja, na lile neno likatoka na upepo.

"Si nimekwambia," mume alisema kwa upole.

Kila kitu alikisema kwa upole. Kwenye ghala la saruji alikokuwa msimamizi, wapagazi walimbandika jina la Taratibu, kwa sababu hata mfuko ukiwa unamwangukia mtu kichwani yeye husema tu, "Taratibu jamani, taratibu." Mtaa mzima ulimpenda. Alisalimia wakubwa kwa wadogo, na msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Mkono wa mtu huyohuyo, alasiri moja, ulikuwa umeshika kufuli la ghala ulipotua mdomoni mwa mkewe. Kosa lake ni kwamba mumewe alibisha hodi na mlango ukachelewa kufunguliwa. Mlio wa cherehani ulikuwa umemzuia kusikia.

Daktari alieleza. Ataingiza skrubu mbili ndogo kwenye mfupa wa taya, na mfupa wenyewe, ukiachwa utulie, utazikumbatia. Hiyo ni kazi ya miezi, haina haraka. Juu ya skrubu atapachika meno ya muda, ya kuonekana tu, si ya kufanyia kazi. Mfupa ukishashika ndipo atayaondoa hayo na kuweka ya kudumu.

"Yakishawekwa hayo, hayatoki tena?" Taratibu aliuliza.

"Hayatoki. Siyo yale ya kuvua na kuweka kwenye glasi."

"Hayo ndiyo ninayotaka. Nataka mke wangu arudi kama alivyokuwa."

"Lakini yana masharti, mama. Chakula laini. Kwa meno ya mbele usifungue chupa, usimenye muwa, usitafune mifupa, using'ate kucha. Skrubu ikitikiswa kabla mfupa haujaishika, imeharibika. Itabidi niitoe, kidonda kipone, tuanze upya. Na malipo upya."

"Atatii," mume akajibu.

Daktari aliyataja yote hayo na mengine. Uzi hakuutaja. Angeutajaje, na yeye maishani mwake hajapiga hata kifungo?

Mtaani walidhani meno yale ni zawadi. Hayakuwa zawadi, yalikuwa suluhu.

Siku ya pili baada ya kufuli, kaka yake Fundi alikuja. Alikuwa na duka la vitambaa katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na alifika akiwa amekunja mikono ya shati tayari. Ilikuwa amkunje Taratibu kama mkeka siku hiyo. Lakini Taratibu alipiga magoti. Alilia mpaka kamasi. Alimshika shemeji yake miguu mbele ya mama yake mzazi, akasema shetani alimpitia, akaapa kuyarudisha meno yale kwa gharama yake, tena ya kisasa, ya kufungwa kwenye mfupa. Mtu akishapiga magoti mbele ya mama yake, wewe uliyekunja mikono ya shati unabaki unaonekana mshari. Kaka akaikunjua mikono yake.

Ila kabla hajaondoka, alimwita dada yake uani, penye bomba.

"Dada, nisikilize. Subiri meno yakamilike. Ukiondoka sasa hayalipi, na mimi uwezo huo sina. Yakikamilika nitakuja mwenyewe, nitakuuliza mara moja tu. Ukisema unabaki, sawa. Ukisema twende, tunaondoka siku hiyo hiyo, wewe, mtoto na cherehani."

"Na wifi?"

"Wifi yako amekubali. Kona ya dukani ipo, utakaa na cherehani yako, wateja wa vitambaa watashonewa palepale." Kaka alichezea bomba, akalifunga na halikuwa wazi. "Anachosema yeye ni kimoja tu. Mkono mtupu haulambwi."

"Mwambie siji mkono mtupu," Fundi alisema.

Cherehani ile ilikuwa yake tangu usichana, ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika upande anaoegemeza kiganja. Alipoolewa, kaka huyuhuyu ndiye aliyeibeba kichwani mpaka ndani ya nyumba hii, akaiweka kwenye kona ya dirisha. Haikuwahi kuhama hapo. Basi kila jioni Fundi alipoifunika kwa kitambaa chake, aliipapasa kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha nauli ipo.

Meno ya muda yalipowekwa, wageni wakaanza.

"Karibuni, karibuni," Taratibu aliwapokea mlangoni. "Mama Pini! Njoo usalimie." Pini ni binti yao, mwembamba kama jina lake. Na kabla mgeni hajakalia kiti vizuri, mume huyo huongeza, "Cheka waone."

Fundi hucheka.

"Alaa! Kama yake kabisa!"

"Yamefungwa kwa skrubu hayo. Ndani ya mfupa," Taratibu alieleza, kidole kikielekea mdomoni mwa mkewe kama anayeonyesha bomba jipya. "Wengine wakipata tatizo wanamwachia mke aishi na pengo. Mimi siwezi."

"Una bahati, dada yangu," wanawake walimwambia. "Huyo mume mfunge kamba asipotee."

Mara nyingine alimwita akiwa amepiga magoti sakafuni anakata kitambaa, mara nyingine yuko jikoni na moshi machoni. Alikuja, alicheka, alirudi. Siku moja fundi bomba alikuja kuangalia koki inayovuja naye akachekewa. Maskini wa watu hakujua aseme nini. "Hongera," akasema, akainama kwenye koki yake.

Mama mkwe alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni akiyatazama haya. Kinywani hakuwa na jino hata la kusingiziwa. Siku moja, wakichambua mchele pamoja, alisema bila kuinua uso, "Shukuru, mwanangu. Baba yake huyu alinitoa matatu kwa mpigo mmoja. Hakunirudishia hata kokwa."

Fundi aliacha kuchambua. "Mama?"

"Nini? Kulikuwa na madaktari wa skrubu zama zetu? Tuliteleza, tukaendelea." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Wewe umepata anayelipa. Tulia."

Ndipo Fundi alipojua kwamba neno 'kuteleza' halikuanzia kwake. Alilikuta katika nyumba hii, kama alivyokikuta kile kigoda.

Shule zilikaribia kufunguliwa, na sare zikaja kama mvua. Sketi, kaptura, mashati, wazazi wakisukumana mlangoni, kila mmoja na haraka yake.

"Fundi, wangu umemkata?"

"Nimemkata."

"Umemshona?"

"Namshona."

"Juzi ulisema unamshona!"

"Na leo namshona. Mtoto wako mrefu, mama, anashonwa kwa awamu."

Walicheka, naye alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka bila kuitwa. Miguu ilikuwa kwenye pedeli, kitambaa kinakimbia chini ya sindano, na akili yake ilikuwa pale ilipopenda kuwa. Mkasi ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba, kama siku zote. Lakini fundi mwenye haraka hatafuti mkasi. Akimaliza mshono anavuta kitambaa, anainama, uzi kati ya meno ya mbele, tk, umekwisha. Mwendo ule aliujua kabla hajajua kujifunga kanga vizuri, alifundishwa na shangazi yake ambaye naye alikuwa na kijipengo kidogo cha uzi katika jino. Haukuwa jambo la kukumbuka au kusahau. Nani anakumbuka kupepesa macho?

Siku ya kwanza alijikuta amekata, akashtuka, akapapasa jino kwa ulimi. Limetulia. Akajionya. Kesho yake akajikuta tena, na safari hii hakujua ameshakata mara ngapi. Akaanza kuweka kitambaa mdomoni akishona, akikibana kwa midomo ili asahau kuinama. Wateja wakamwuliza kama anaumwa, akakitoa ili awajibu, na akishakitoa, tk.

Wiki ya shule kufunguliwa, jino la kushoto likacheza. Kidogo tu. Ukiligusa kwa ulimi lilikwenda na kurudi, kama mguu wa meza uliopungua.

Hakumwambia mtu. Alikula upande wa nyuma. Alipoitwa acheke, alicheka kwa hesabu, midomo ikijizuia kufika mwisho.

"Mbona siku hizi unacheka nusu?" Taratibu alimwuliza mbele ya wageni, bado kwa upole. "Cheka vizuri. Waone yote mawili."

Siku ya kuangaliwa, kliniki, daktari alivuta skrubu ile bila nguvu, kama anayechomoa njiti ya kibiriti. Aliiweka kwenye sahani ya bati, na ikalia kidogo ilipotua.

"Mama, umekuwa ukitafuna kitu kigumu?"

"Hapana, daktari."

"Mifupa? Barafu? Maana hili limesukumwa. Tena mara nyingi, na upande mmoja."

Fundi alimtazama mumewe aliyesimama ukutani, kofia mkononi. Akatazama sahani.

"Uzi," alisema.

"Uzi?"

"Mimi fundi cherehani. Nakata uzi kwa meno. Sikusudii. Mdomo unakwenda wenyewe."

Daktari alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata ila mume, na cheko la yule mume likamkata lake. Alivua miwani akaifuta. "Kosa langu na mimi," alisema. "Ningeuliza kazi yako. Hilo la kulia limeshika vizuri sana, halina neno. Hili tutasubiri kidonda kipone, tutaweka jingine." Akaivaa tena miwani. "Malipo ni kama yale ya kwanza. Bei siyo yangu, ni ya kliniki."

"Tutalipa," Taratibu alisema.

Njiani hakusema kitu. Alitembea hatua moja mbele, akisalimia watu. "Habari za leo, mzee. Mama, mzigo huo mzito, ngoja nikusaidie." Fundi alimfuata, kiganja kimerudi mdomoni. Alikuwa anausoma mgongo ule. Alishaujua, anajua bega lipi huinuka kwanza.

Walipoingia ndani, mume alifunga mlango, akaketi.

"Usitetemeke. Nitakupiga? Niliahidi mbele ya kaka yako, sikupigi." Aliweka kofia gotini. "Lakini nieleze. Mimi naweka, wewe unang'oa. Ulifanya makusudi?"

"Haki ya nani, baba Pini. Mazoea tu."

"Mazoea." Alilitafuna neno lile. Macho yake yakasafiri taratibu kutoka usoni mwa mkewe mpaka kwenye kona ya dirisha, yakatua juu ya cherehani, yakakaa. "Basi ugonjwa umejulikana," alisema. Akaomba chai.

Fundi alidhani hatari imepita. Alikwenda kuchemsha maji, na akamimina sukari mara mbili.

Siku chache baadaye alikwenda shuleni kupeleka sare za mwisho. Aliporudi, alijua kabla hajaingia. Dirishani palikuwa na mwanga mwingi mno.

Pale kwenye kona palibaki alama za miguu sakafuni, na vumbi la nyuzi za rangi zote, buluu ya kaptura, nyeupe, nyekundu ya fulana za michezo. Kile kitambaa cha kufunikia kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya kiti. Taratibu alikuwa mtu nadhifu.

"Mama," Fundi alimwita mama mkwe. "Cherehani yangu iko wapi?"

Yule mama aligeuza kigoda akatazama njia. "Kamwulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa uani ananawa mikono. "Nimeuza maradhi, nimenunua dawa," alisema, akijikausha kidole kimoja kimoja. "Fedha nimeshazipeleka kliniki. Jino limelipiwa lote, hakuna anayetudai."

"Ilikuwa yangu."

"Na meno ni ya nani? Ya jirani?" Alitabasamu. "Ungepewa uchague mwenyewe, jino au cherehani, ungechagua nini? Hebu fikiri. Nimekuondolea tabu ya kuchagua. Sasa utapumzika, mama Pini. Mwanamke mwenye mume hahangaiki na kaptura za watu."

"Ungeniuliza."

"Taratibu," alisema mume. Hakupaza sauti. Fundi akafunga mdomo.

Aliyeinunua alikuwa fundi wa suti wa barabara ya pili, mzee mwenye futi kamba shingoni mchana kutwa hata akienda kununua mkate. Watu walimwita Suti. Fundi alimkuta mlangoni mwa kibanda chake, na ndani yake, kijana wa Suti alikuwa amekalia cherehani yake. Aliusikia mlio kabla hajaiona. Pedeli yake ilikuwa na tatizo dogo, ilipiga 'ka' mara moja kila inaposhuka, na yeye peke yake ndiye aliyejua pa kutia mafuta ikanyamaza. Kijana hakujua. Ka, ka, ka.

"Karibu, mwenzangu," Suti alisema, akampa kigoda. "Mumeo kanieleza umeamua kupumzika. Nikasema, aa, mwenye riziki hiyo ni wachache."

"Mzee wangu, sikuamua."

Suti alimtazama, kisha akatazama kile kiganja kilichokuwa mdomoni. Alikuwa ameishi mtaa huu miaka mingi. Akamwambia kijana anyamazishe mashine.

"Ningejua," alisema. Akakuna kichwa. "Lakini nimetoa fedha, binti yangu. Ningepewa fedha yangu, leo leo ningekurudishia."

"Zimeshaingia kliniki."

"Basi."

Wakakaa. Mteja akaja akaulizia suruali yake, akajibiwa kesho, akaenda zake akilaani. Fundi aliinuka, akaichukua chupa ya mafuta, akainama chini ya pedeli akatia tone moja mahali pake. "Hapo," alimwambia kijana. "Kila Jumamosi. Usizidishe."

Alikuwa ameshatoka nje Suti alipomwita. "Mikono unayo bado, au nayo kaiuza?"

"Mikono ninayo."

"Nina mashati yanataka vifungo na mapindo. Kijana wangu vifungo anavipiga kama anafunga mbuzi. Yatakuja kwako, malipo kwa shati. Kidogo, siwezi kukudanganya." Akavuta futi kamba shingoni, upande mmoja, upande mwingine. "Na hiyo mashine nikiichoka, sitamwuzia mwingine kabla sijakwambia."

Jioni ile Taratibu alipoyakuta mashati, aliyageuza, akayaangalia. Sindano na uzi. Hakuona ubaya. "Kazi ya kukaa," alisema. "Ila mkasi, tafadhali."

Miezi ilipita, siku ikafika. Meno ya kudumu yalikuwa meupe yenye kivuli kidogo cha njano, daktari aliyalinganisha na jirani zake kwa makini. Alipomaliza alimpa Fundi kioo. Taratibu alikuwa nje analipia dawa ya kusukutulia. "Mama," daktari alisema upesi, kwa sauti ya chini, "mabafu ya kwenu yameacha kuteleza?"

Fundi alijitazama kwenye kioo. Mwanamke aliyemwona alikuwa na kinywa kizima. "Sasa tumetandika mkeka," alijibu, naye mwenyewe hakujua kama ametania.

Kaka alikuja Jumapili na mfuko wa machungwa. Alivaa shati aliloshonewa na dada yake zamani, kola imegeuzwa mara moja. Taratibu alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kiti chenye mto. Mama mkwe aliletewa kigoda chake ndani. Pini akapewa chungwa akaenda kulila uani.

"Shemeji, niliahidi nini?" Taratibu alisimama katikati ya chumba kama msema chochote harusini. "Mama Pini, njoo hapa. Cheka waone."

Fundi alicheka.

"Aisee!" Kaka alipiga paja. "Aisee, shemeji. Hapa umefanya kazi. Mwanamume ni ahadi."

"Ni ahadi," Taratibu alikubali.

Walikunywa chai. Walizungumza bei ya saruji na bei ya vitambaa. Fundi alikuwa amesimama palepale alipoachwa baada ya kucheka, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae na yeye mwenyewe alikuwa anangoja. Kaka alikwepa macho yake mara ya kwanza, akayakwepa mara ya pili. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Haya. Nilisema nitauliza, na niulize mbele ya wote, isije ikasemwa. Dada, umerudishiwa haki yako. Neno lako ni lipi?"

Alitegemea jibu moja, la kubaki. Hata chai ilikuwa imekunywewa kwa ajili ya hilo moja.

"Twende," Fundi alisema.

Mama mkwe aligeuza shingo. Taratibu hakusogea, ila tabasamu lake lilibaki usoni bila mwenyewe, kama kanzu iliyosahauliwa kwenye kamba.

Kaka alikohoa. "Twende... sawa. Nilisema, siwezi kukataa nilichosema." Aligeuka kutafuta pa kutazama, na macho yake yakaenda yalikozoea, kwenye kona ya dirisha. Yakasimama. Hapo palikuwa na stuli na rundo la mashati ya watu. "Cherehani umeihamishia wapi?"

Mama mkwe alijifunga upya kanga yake.

"Dada, cherehani iko wapi?"

Fundi aliweka kidole kwenye jino la kulia. "Hili ni lake." Akakisogeza kwenye la kushoto. "Hili ndilo cherehani."

Uani Pini alisikika akitema mbegu za chungwa.

"Jino liliharibika, shemeji," Taratibu alieleza kwa upole mkubwa. "Aliliharibu kwa kazi hiyohiyo. Nikaona bora kumponya moja kwa moja. Nimekosea? Niambie kama nimekosea."

Kaka alifungua mdomo. Ilikuwa zamu yake, na kila mtu alijua ni zamu yake. Aliutazama uso wa dada yake, akatazama ile stuli, na ungesema alimwona mke wake amesimama katikati ya viwili hivyo, mikono kiunoni, anauliza mgeni amekuja na nini.

"Sikusema umekosea," alijibu.

"Kaka."

"Dada, elewa. Nyumba ile si yangu peke yangu. Tulisema kona ya cherehani. Sasa nikifika na..." Alikunjakunja mfuko uliokuwa na machungwa mpaka ukawa kama ngumi. "Si lazima leo. Meno umepata, mume ametimiza. Mpe muda. Tutazungumza."

"Ulisema utaniuliza mara moja tu," alisema Fundi.

Kaka aliinuka. Alishikana mikono na shemeji yake, akambusu mama mkwe mkono, na mlangoni akamgusa dada yake bega kama mtu anayegusa sufuria kuona kama bado ya moto. "Yamekupendeza," alisema, akaondoka kabla kikombe chake hakijapoa.

Taratibu alifunga mlango. Alirudisha kiti chenye mto mahali pake. Alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na aliporudi alisimama nyuma ya mkewe, karibu kiasi cha kumpumulia kisogoni.

"Twende," alilirudia neno lile polepole, kama anayelipima kwenye mizani. "Mbele ya mama yangu." Akangoja. "Haya. Limepita. Hakuna pa kwenda, mama Pini, umejionea. Taratibu utazoea."

Akaketi mezani, akafungua redio, akatafuta mpira.

Fundi alikwenda kwenye kona ya dirisha. Alikaa kwenye stuli, pale palipokuwa na alama za miguu sakafuni, akachukua shati la juu kabisa. Alitunga uzi. Kifungo cha kwanza, cha pili, na sindano ilikuwa inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Mkasi ulikuwa shingoni, kamba yake imelegea kifuani, karibu kabisa na mkono.

Aliinama, uzi kati ya meno, upande wa kushoto.

Tk.

Redio ilikuwa inapiga kelele za watazamaji, lakini Taratibu alisikia. Mama mkwe naye alisikia, akaacha kutafuna fizi zake.

"Mkasi si unao?" mume aliuliza.

Fundi alipitisha ulimi nyuma ya jino lile. Alilisukuma. Halikwenda, halikurudi. Mfupa ulikuwa umeshika.

"Ninao," alisema, akatunga uzi mwingine.